Pale Njia Inapokwisha

Hapa Jadida, pembezoni mwa mji wa Wete, masika ikishika watu hukaa barazani na mazungumzo huwa marefu. Siku moja nilikuwa nimekaa na fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mzee aliyeanza kuziba pancha kabla mimi sijazaliwa. Ndege ndogo ikapita juu ya mawingu, tukaisikia tu bila kuiona. Akaacha kujaza upepo, akaniuliza: "Hebu nambie mwanangu, wewe unayeipanda hiyo. Mvua kama hii, breki zake zinashika wapi?"

Nilimjibu kijuujuu, kwamba marubani wana vipimo vyao. Hakuridhika. Nami nilipokwenda kutafuta jibu lenyewe nikakuta nyuma yake kuna historia ndefu, yenye theluji ya Ujerumani, lava ya Goma na tope la Arusha. Historia hiyo inaishia kwenye njia yetu ya lami pale Chake Chake.

Uwanja wa ndege wa Pemba, unaobeba jina la Karume kama ule wa Unguja, una njia moja ya kurukia na kutua yenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Imelazwa kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, na mtu wa pwani anaelewa mara moja kwa nini. Kaskazi na kusi ndizo pepo zilizoendesha majahazi yetu kwa karne nyingi. Ndege nayo hutaka kutua ikiukabili upepo, maana upepo wa mbele huipunguzia kasi yake juu ya ardhi, na upepo wa nyuma huisukuma mbele kama tanga lililojaa. Aliyeichora njia ile aliwafuata manahodha.

Kilomita moja na nusu zinaitosha sana ndege ya abiria kumi na kidogo kama Cessna Caravan, lakini si kila mita ya njia ni mali ya rubani. Kanuni zinazofuatwa na nchi nyingi zinaitaka ndege ya abiria ya injini za pangaboi ionekane, kwenye hesabu za kabla ya safari, kwamba itasimama ndani ya asilimia 70 ya njia. Kwa ndege ya jeti ni asilimia 60. Kwa njia ya mita 1,500, ndege ya pangaboi inapewa mita 1,050, na zilizobaki ni akiba ya makosa ya binadamu na hila za hewa.

Akiba hiyo huliwa haraka kuliko tunavyodhani. Ndege hutakiwa kuvuka kizingiti cha njia ikiwa juu mita 15 hivi. Kwa mteremko wa kawaida, kila mita 3 za ziada pale kizingitini huisogeza sehemu ya kugusa ardhi mbele kwa karibu mita 60. Ongeza mwendo asilimia 10 juu ya unaotakiwa, na nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inaongezeka asilimia 21, kwa sababu nguvu ya kitu kinachokwenda hukua kwa mraba wa mwendo wake. Weka upepo kidogo wa nyuma. Weka na mvua. Hakuna kosa kubwa hapo, ni vijikosa vinne tu vimepanda gari moja. Ndiyo maana wachunguzi wa ajali za ndege zinazopitiliza njia huanzia angani, dakika chache kabla ya tairi kugusa lami, na mwisho wa njia huutazama baadaye.

Elimu hii haikupatikana bure, na aliyeilipia kwa uchungu wa pekee ni rubani mmoja Mwingereza. Mashabiki wa Manchester United wanaijua tarehe yenyewe, hata wale wa Wete wanaobanana kwenye vibanda vya kuonyesha mpira: 6 Februari 1958. Ndege ya shirika la BEA ilikuwa ikiirudisha timu kutoka Belgrade na ikasimama Munich kuongeza mafuta. Rubani James Thain na mwenzake walijaribu kuruka mara mbili wakaahirisha, mlio wa injini haukuwaridhisha. Mara ya tatu ndege ilifika mwendo wa takriban kilomita 217 kwa saa, halafu, badala ya kupanda, mwendo ukashuka hadi karibu 194. Njia ikaisha. Ndege ikavunja uzio, ikagonga nyumba. Kati ya watu 44 waliokuwemo, 23 walifariki, na wanane kati yao walikuwa wachezaji.

Wajerumani walisema kosa ni barafu kwenye mbawa, na kuikagua barafu ni kazi ya rubani. Thain alifukuzwa kazi, akaenda kufuga kuku. Lakini hakuacha kuuliza swali moja: ndege iliyokwisha kushika mwendo inawezaje kuupoteza ikiwa bado inakimbia na injini zinanguruma? Jibu lilikuwa chini ya magurudumu. Nusu ya mwisho ya njia ilikuwa na theluji iliyoyeyuka nusu, uji wa maji na barafu ambao ndege zilizotangulia hazikuukanyaga, na uji huo uliishika ndege kama tope linavyoishika baiskeli. Majaribio ya Uingereza katika miaka ya 1960 yalithibitisha kwamba sentimita chache za uji wa namna hiyo zinatosha kuizuia ndege isiruke. Mwaka 1969 tume ya Uingereza ilimsafisha Thain. Hakurudi kuendesha ndege za abiria, na alifariki mwaka 1975.

Nimeirefusha hadithi ya Munich kwa makusudi, ingawa Pemba haijui theluji. Tangu pale hali ya uso wa njia ikaanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya safari, kitu cha kupimwa na kutolewa taarifa. Kabla yake, njia ilikuwa njia tu.

Na maji matupu? Hapo ndipo swali la fundi wangu linapopata jibu. Mwaka 1963 Walter Horne na wenzake wa NASA, kituo cha Langley, Marekani, walionyesha kwamba tairi linalokimbia juu ya maji yaliyotuama hufika mwendo ambapo maji hayapati nafasi ya kukimbia pembeni. Yanajikusanya mbele ya tairi, yanalinyanyua, na tairi linaelea. Breki zikikamatwa wakati huo hazikamati kitu. Waligundua pia kwamba mwendo wa kuanza kuelea unategemea zaidi presha ya tairi kuliko uzito wa ndege. Hesabu yao ni fupi. Tairi lenye presha ya ratili 144 kwa inchi ya mraba, kama ya jeti, huelea kuanzia kilomita 200 hivi kwa saa. Lenye ratili 36, tairi laini la ndege ndogo, huelea kuanzia kilomita 100 tu.

Nilipompelekea fundi habari hiyo alicheka, akasema tairi laini huteleza, hilo hata mtoto anayekodi baiskeli analijua. Kwake lilikuwa jambo jepesi. Mimi lilinishtua, kwa sababu nilizoea kudhani kwamba ndege ndogo ina salama yake katika udogo wake. Kwenye mwendo iko salama zaidi, kwa kuwa inatua taratibu. Kwenye dimbwi haina cha kujivunia.

Hadi hapo wataalamu walikuwa wakihangaika na ndege na njia. Ilichukua muda mrefu zaidi kutazama kitu cha tatu, nacho ni ardhi inayoanza pale lami inapoishia. Afrika ndiyo iliyotoa somo kubwa kuliko yote. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilishindwa kunyanyuka kutoka uwanja wa Ndolo, katikati ya Kinshasa. Ilikuwa imepakiwa kupita kiasi. Mbele ya njia kulikuwa na soko la Simbazikita, wakati wa watu wengi. Waliokufa sokoni walizidi 200. Ndani ya ndege walikuwamo watu sita tu, na wengi wao walipona.

Sisi Wapemba tulioizika Spice Islander mwezi Septemba 2011, meli iliyotoka Unguja kuja kwetu ikiwa imejaza kupita uwezo wake, hatuhitaji kuelezwa mzigo unafanya nini. Lakini abiria wa meli ile walikuwa wamepanda meli. Wauza mihogo na vitenge wa Simbazikita hawakupanda ndege.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, lina kiambatisho namba 14 kinachohusu viwanja. Mwaka 1999 kiambatisho hicho kiliufanya kuwa lazima ukanda ambao awali ulikuwa pendekezo. Baada ya njia kuisha na baada ya mita 60 za pembezoni mwake, liwepo eneo la usalama lenye urefu wa mita 90, na ikiwezekana 240 kwa njia ndefu. Eneo hilo lisawazishwe, lisiwe na mtaro, jabali wala ukuta. Wamarekani wao walichukua mita 300 na ushei, kwa sababu walipopitia kumbukumbu zao waligundua kwamba karibu ndege tisa katika kila kumi zilizopitiliza zilisimama ndani ya umbali huo. Pale ambapo bahari au barabara iliwanyima nafasi, walibuni tandiko la saruji nyepesi yenye mapovu ambalo huvunjika chini ya magurudumu na kuyanasa. La kwanza liliwekwa uwanja wa John F. Kennedy, New York, mwaka 1996. Mei 1999 liliinasa ndege ya abiria yenye watu 30, na wote walitoka hai.

Sasa twende Goma, maana kule kila kitu kilikwenda kinyume.

Goma ni mji wa Kiswahili. Anayetoka Wete akifika soko la Birere atabishana bei bila mkalimani. Uwanja wake ulikuwa na njia ya kilomita tatu hivi, urefu wa kuitosha ndege kubwa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikateremka kutoka kaskazini, ikaukata mji vipande na kuifunika karibu theluthi ya njia kwa upande wa mlima. Lava ilipopoa ikawa jabali. Kilichobaki kilikuwa njia fupi ya takriban kilomita mbili, yenye ukuta wa mawe meusi upande mmoja na mitaa iliyobanana upande wa pili. Ndege ziliendelea kuruka, nyingi zikiwa kuukuu, kwa sababu barabara za mashariki ya Kongo hazikuwapa watu chaguo jingine.

Miaka sita ilipita hivyo. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilianza safari ya Kisangani na Kinshasa. Haikupanda. Ilipita mwisho wa njia ikaingia Birere, ikaangukia nyumba na maduka na kuwaka moto. Watu wapatao 40 walifariki, na walio wengi walikuwa wa mtaani. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Novemba 2009, jeti nyingine aina ya MD-82 ilitua ikitazama upande wa pili, ikapitiliza, ikapanda juu ya lava ile ile ya 2002. Kulikuwa na majeruhi. Uwanja mmoja, ncha mbili, na kila ncha ilikuwa imetoa onyo lake. Ilikuwa mwaka 2015 ndipo Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja wa Goma.

Mtu akiniuliza nani alikosea Goma, sitaanza na rubani. Injini inaweza kuzimika mahali popote duniani. Kilichoua ni kuachia njia iliyokatwa theluthi iendelee kufanya kazi ya njia nzima, huku mwisho wake umejaa watu.

Kwa upande wa rubani, mfano ulio wazi ni wa Mangalore, India. Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilikaribia njia ikiwa juu mno. Rubani msaidizi alimwambia kapteni zaidi ya mara moja kwamba wapande tena wazunguke. Kapteni akaendelea kushuka. Tairi ziligusa lami baada ya zaidi ya nusu ya njia kupita, na uwanja ule uko juu ya kilima. Walikufa watu 158, wakapona wanane. Nani kati yetu hajakaa na mkubwa asiyetaka kuambiwa?

Na Tanzania? Kisa chetu mashuhuri ni cha tarehe 18 Desemba 2013, na watu hukisimulia kama kichekesho. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, yenye watu zaidi ya 200, ilikuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, wenye njia ya mita 3,600. Kilimanjaro ndege ndogo ilikuwa imeharibika kwenye njia, ikabidi jeti izunguke ikisubiri. Kilomita zipatazo 50 magharibi kuna uwanja mdogo wa Arusha, na njia yake imelazwa mashariki kwa magharibi vile vile kama ya Kilimanjaro. Rubani aliona njia, ikakaa katika uelekeo aliouzoea, akatua. Alikuwa Arusha, kwenye mita 1,620.

Ndege ilisimama majanini, magurudumu yakazama kwenye udongo laini. Hakuna aliyeumia. Uwanja haukuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege kubwa namna ile, abiria wakakaa ndani kwa saa kadhaa wakiwatazama watu wa Arusha waliokuja kuwatazama wao. Siku chache baadaye ndege ilipunguzwa uzito, ikaruka tupu kwenda Kilimanjaro, na umati ukaja kushuhudia kama itatoka.

Inachekesha kwa sababu mwisho wa njia ya Arusha siku ile kulikuwa na majani. Hamisha ndege ile ile na kosa lile lile uipeleke Birere, uone kama kuna atakayecheka. Kwa mizani ya uzembe, kosa la Arusha ni kubwa kuliko la Goma. Marubani walikosea uwanja mzima. Lakini idadi ya vifo haikufuata ukubwa wa kosa. Ilifuata kilichokuwa mbele ya lami.

Wanaotathmini hatari hii siku hizi hugawa swali sehemu tatu, na mfumo uliochapishwa Marekani mwaka 2008, kutokana na mamia ya matukio ya nyuma, ulifanya mgawanyo huo uenee. Kwanza: kwa hali ya hewa na aina ya ndege za uwanja huu, ni mara ngapi ndege inaweza kushindwa kusimama? Pili: ikishindwa, itafika umbali gani, na itakengeuka kiasi gani pembeni? Tatu: itakutana na nini? Jibu la kwanza liko mikononi mwa marubani na mashirika, la pili mikononi mwa wahandisi. La tatu liko mikononi mwa masheha, wapimaji wa ardhi na wauza viwanja.

Kuhusu mvua kumekuwa na maendeleo ya kweli. Desemba 2005 ndege ya Southwest ilitua katika theluji uwanja wa Midway, Chicago, ikavunja uzio ikaingia barabarani, na mtoto wa miaka sita aliyekuwa ndani ya gari akafariki. Uchunguzi wake ulizaa lugha moja ya kueleza hali ya njia, na kuanzia 4 Novemba 2021 ICAO ikaitaka itumike duniani kote. Njia hupewa alama kutoka 6 hadi 0. Kavu ni 6. Iliyolowa tu ni 5. Maji yakituama zaidi ya milimita 3, alama inaporomoka hadi 2. Milimita 3 ni kina ambacho hata kuku hakimsumbui, na masika ya Pemba hukimwaga kwa muda mfupi tu pale maji yanapokosa njia ya kukimbilia. Kwa hiyo mtaro uliozibuliwa pembeni mwa uwanja ni kifaa cha usalama sawa na breki, na anayeuzibua anastahili kuhesabiwa miongoni mwa walinzi wa abiria.

Nilimrudia fundi na majibu yote haya. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Na huko mbele ya uwanja wetu, kuna nini?"

Serikali ya Mapinduzi imekwisha kutangaza nia ya kuupanua uwanja wa Pemba ili upokee ndege kubwa zaidi, na sisi sote tunaisubiri siku hiyo, hasa wenye wagonjwa wa kupeleka Unguja na Dar es Salaam, na wenye karafuu na wageni. Ndege kubwa itakuja na uzito mkubwa na mwendo mkubwa, na ikipitiliza itakwenda mbali zaidi kuliko Caravan. Ardhi inayotazamana na ncha mbili za njia ile itapanda bei. Wewe mwenye shamba upande huo, panda mihogo, panda majani ya ng'ombe, dai fidia yako ya haki ikifika zamu. Usimuuzie mtu kiwanja cha nyumba, na mtoto wako akitaka kujenga banda la biashara pale kwa sababu watu watakuwa wengi, mkatalie.

Mwisho wa njia ya Goma kulikuwa na maduka ya namna hiyo hiyo.